Breki Afaulu Mtihani wa Moyo

Kijiwe chenyewe ni benchi moja refu lililotengenezwa kwa ubao wa ubavu wa lori bovu, limeegemezwa kwenye ukuta wa duka la vifaa vya umeme, jirani na sanduku la Soli, fundi viatu. Jua likishavuka paa la duka, kivuli hulifunika benchi lote, na hapo wenyewe huanza kufika, kila mtu na mahali pake. Chaki hukaa mwisho wa kulia, kwa sababu alifundisha shule ya msingi mpaka akastaafu na bado anapenda kuliona darasa lote kwa mtazamo mmoja. Redio, kinyozi asiye na wateja wengi, hukaa katikati, kwa sababu habari zote za mtaa lazima zipite kwake, ziwe zimeiva au mbichi. Breki, dereva wa malori aliyestaafishwa na moyo wake, hukaa mwisho wa kushoto karibu na Soli, ambako akinyoosha miguu haimgusi mtu. Muuza kahawa kwa kawaida humimina na kwenda zake. Siku ile aligeuza ndoo yake akaikalia, maana kila mtu alijua kwamba ilikuwa siku ya simu.

Simu ilitoka hospitali. Moyo ulimgomea Breki akiwa kwenye usukani, akalazwa, na alipopata nafuu daktari alimweleza habari ya utafiti, akarudia ili aelewe. Walitaka kujua wagonjwa wa moyo huendeleaje wakisharudi makwao: nani anapona, nani anarudi wodini, nani hauoni mwaka. Tena walitaka kujua hali ya nafsi zao, kwa sababu walikuwa wameanza kuona kwamba mtu mwenye majonzi hupona kwa shida kuliko mwenzake, hata dawa zikiwa zile zile. Breki akakubali. Tangu hapo, kila mwezi dada mmoja mwenye sauti ya upole alimpigia simu na kumuuliza anavyojisikia.

Nyumbani hakutaka kuipokea, mke wake asije akasikia. Na masikio yake yalikuwa yamemalizwa na injini, kwa hiyo simu yake haikufaa kitu mpaka ifunguliwe spika. Ndivyo simu ya kwanza ilivyosikika benchi zima. Dada aliuliza kama Breki huwa na huzuni, Breki akasita, Redio akamnong'oneza jibu, na Breki akalirudia kama lilivyo. Kijiwe kilifurahi sana siku hiyo. Tangu hapo majibu yakawa mali ya wote.

Jambo ambalo kijiwe hakikulijua, wala mke wake, wala daktari, ni kwamba Breki alikuwa ameacha kumeza dawa.

Hakuwa amekaa akaamua. Ilianza asubuhi moja, mvua ziliposhika. Mke wake alimpa vidonge na kikombe cha maji, akasimama pale kama askari mpaka aone koo linapanda na kushuka. Breki akaviweka chini ya ulimi, akanywa maji, akaenda nyuma ya nyumba kana kwamba anakwenda kunawa, akavitema. Alitazamia kujiona mwizi. Hakujisikia kitu. Kesho yake akafanya vile vile.

Nyumbani walikuwa wamemgeuza yai. Wajukuu walikatazwa kupiga kelele, kisha wakakatazwa kumrukia, mwisho wakaacha hata kumsogelea. Kaka yake alipofiwa na binti, watu waliambiana kwa macho, na Breki alikuja kujua wakati kaburi limeshaota majani. Usiku mke wake humwekea kiganja kifuani aone kama bado anapumua. Kwa upendo, Breki alilijua hilo. Lakini hulala macho akikisubiri kile kiganja, na kikishaondoka hukisubiri tena. Si kwamba alitaka kufa. Aliona tu kwamba anayelishwa vidonge ni mtu mwingine, mgeni dhaifu aliyehamia nyumbani kwake, asiyeruhusiwa kubeba hata ndoo ya maji. Hakuona haja ya kumlisha mgeni huyo.

Mwili nao ulikuwa umeanza kudai. Hakuweza tena kulala bila mito ya kumwinua kifua. Miguu ilivimba, viatu vikambana, Soli akavitia kalibu, mguu wa mbao, kuvipanua. Vikabana tena, akavipanua tena, akamtania kwamba raha za kustaafu zimemnenepesha mpaka unyayo. Breki akacheka pamoja nao.

Sasa, mwezi uliopita dada alimwambia kwamba simu inayofuata ndiyo itakayokuwa ya mwisho. Neno hilo halikumtoka Breki kichwani. Alitembea nalo siku zote hizo, na asubuhi ya siku hiyo alijiambia kwamba leo, atakapoulizwa, atasema. Kumwambia mke wake hakuweza, angemuua kwa hofu. Daktari alikuwa na haraka siku zote. Lakini yeye na yule dada hawakuwahi kuonana hata uso, na ni rahisi kumwaga mzigo mbele ya mtu usiyemjua.

— Leo nataka kujibu mwenyewe, alisema alipokaa tu.

— Utajibu mwenyewe, ndugu yangu, Chaki alimjibu kwa upole. Sisi tunakukumbusha tu.

Muuza kahawa aliwamiminia wote, kisha akamimina maji ya moto matupu kwenye kikombe cha Breki. Hiyo ilikuwa amri ya kijiwe. Kahawa alikatazwa, lakini walikubaliana kwamba asikae mikono mitupu kama mtu anayesubiri hukumu.

Chaki akaanza kupitia masomo. Aliwakumbusha kwamba huu ni mtihani kama mitihani mingine, na mtihani wa mwisho ndio unaoamua. Anayeshinda anaachwa huru. Anayeshindwa anahamishiwa kule wanakofungiwa watu waliochanganyikiwa, na kule hata mkanda wa suruali wanakunyang'anya.

Soli alikuwa anapiga misumari kwenye kisigino cha kiatu cha mtu. Akasema bila kuinua kichwa kwamba Chaki anaona mitihani kila mahali kwa sababu ya kazi yake ya zamani. Moyo, alisema, ni kama kiatu. Madaktari walikuwa wanaangalia soli tu, na sasa wamegundua kwamba kiatu hufa kwa uzi. Huzuni ndiyo uzi wenyewe. Wanauliza ili wajue kama kuna cha kushona au wakitupe.

— Umekaribia, lakini hujafika, Redio alisema, akavuta kahawa yake kwa sauti. Wakiona uzi umekatika, hawashoni. Pale hospitali kuna chupa mbili. Moja ina dawa, nyingine ina unga uliopakwa rangi. Ukisema una huzuni, wanakuhamishia kwenye unga. Hawapotezi dawa kwa mtu aliyekata tamaa.

— Nani kakwambia? muuza kahawa aliuliza.

— Mteja wangu mmoja, anafua mashuka kule.

Breki alikiangalia kikombe chake cha maji. Ilimjia kwamba kwake yeye chupa zote mbili zingekuwa sawa, na karibu aliseme. Lakini Redio alikuwa ameshashika kasi. Alisema hata ile simu haipigwi bure. Ndani yake kuna chombo kinachosikiliza mapigo ya moyo mtu anapozungumza. Chaki akampinga: simu ya Breki haikai sikioni, inakaa juu ya benchi.

— Ndiyo maana matokeo yake yanatoka mazuri, Redio akasema. Inasikia mioyo yetu yote, inajumlisha, inagawanya.

Benchi likatikisika kwa kicheko. Hata Breki alicheka, kisha akakohoa, kisha akakaa kidogo akitafuta pumzi. Walimsubiri, macho yao yakiwa mbali, kama watu wanavyomsubiri mtu anayefunga zipu.

Alipotulia, Redio akaendelea, sasa kwa sauti ya chini, kwamba kuna tajiri mmoja moyo wake umechakaa na anatafutiwa mwingine. Tajiri hataki moyo wenye majonzi, asije akarithi majonzi ya watu. Kwa hiyo dada anazunguka kwa simu akiutafuta moyo wenye furaha. Soli akaacha kupiga misumari.

— Basi tumekuwa tukimnadi mwenzetu, alisema.

Hoja hiyo iliwashtua kidogo, ingawa hakuna aliyeiamini. Chaki akapata ufumbuzi kama kawaida yake. Alisema mwanafunzi mwerevu hapati mia kwa mia, maana akipata mia watakuja kukagua kama aliibia. Kwenye swali la usingizi Breki aseme "mara chache". Hiyo itatosha kuonyesha ubinadamu. Mengine yote aseme "hata kidogo".

— Lakini usingizi kweli sipati, Breki alisema.

— Vizuri sana. Basi hapo hutadanganya, Chaki akasema, akampapasa goti.

Breki akajaribu tena. Akasema, taratibu, kwamba labda ingefaa dada aambiwe mambo kama yalivyo, maana yeye anatafuta ukweli na pengine ana msaada. Redio akamtazama kwa huruma ya kweli.

— Mzee mwenzangu, wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Kwa hiyo ukiamua kuficha, ficha vizuri. Usifiche nusu nusu.

Chaki alijua kwamba methali ile ilikuwa imegeuzwa kichwa chini. Alifungua mdomo amsahihishe, lakini kabla hajasema, simu ikalia juu ya benchi, na wote wakainama juu yake kama watu wanaoota moto.

— Shikamoo mzee, dada alisema.

— Marahaba, mwanangu.

Dada aliuliza kama yuko mahali anapoweza kuzungumza kwa uhuru. Breki aliangalia vichwa vilivyomzunguka, mvi za Chaki, kofia ya Redio, vidole vya Soli vyenye gundi. Chaki akatikisa kichwa kukubali.

— Niko huru, Breki akasema.

Dada akauliza habari ya usingizi. Mara chache, Breki akasema, na Chaki akainua kidole gumba. Dada akauliza kama vitu alivyovipenda zamani vimemtoka moyoni. Kwa miaka mingi, kila asipokuwa safarini, Breki alikuwa akisimama barabarani kutazama kila lori linalopita, akilitaja aina na mzigo. Siku hizi yanapita tu. Redio alitamka jibu bila sauti, kwa midomo, na Breki akalitoa: hata kidogo.

Wakati huo mwanamke mmoja alikuwa amesimama mbele ya sanduku la Soli, ndala moja mguuni na nyingine mkononi, ukanda wake umekatika. Alikuwa mgeni mtaani, hakuna aliyemfahamu. Soli akamwonyesha kigoda kwa ishara, akaweka kidole mdomoni kumwomba asubiri. Mwanamke akakaa.

Dada akauliza kama kuna nyakati mzee hujiona yuko peke yake hata akiwa na watu. Redio karibu acheke. Akajionyesha kifuani, akamwonyesha Soli, akamwonyesha Chaki na muuza kahawa, kisha akafungua mikono kama mtu anayeuliza kwani hawa wote huwaoni. Breki alikawia. Akasema hata kidogo.

— Swali la mwisho, mzee wangu, dada alisema. Je, kuna wakati unaona hakuna haja ya kuendelea na dawa?

Pale ndipo alipokuwa akipangojea. Breki alifungua mdomo. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno, alilihisi kabisa uzito wake. Dada upande wa pili alisubiri.

— Usiwe na haraka, mzee, dada akasema. Nakusikiliza.

Breki akainua macho, akakutana na ya Chaki. Mzee yule alikuwa amejisogeza mpaka ukingoni mwa benchi, mikono imeshikana, uso umekunjuka kwa matumaini. Ndivyo alivyowatazama watoto wa watu miaka yote ile, mtoto anapokwama kwenye jibu la mwisho na mkaguzi yuko mlangoni. Midomo yake ilitamka polepole, silabi kwa silabi: ha-ta ki-do-go. Hapakuwa na ubaya wowote katika uso ule. Ulikuwa uso wa mtu anayekuombea. Angekuwa anamdharau au anamharakisha, Breki angesema lake. Lakini kumwangusha mtu anayekutazama hivyo, akashindwa.

— Hata kidogo, alisema.

Dada akashukuru. Akasema amefurahi kumsikia akiwa na moyo mkunjufu hivyo tangu mwanzo mpaka mwisho. Wagonjwa wanaoelemewa, akaeleza, huwa wanatumiwa mtu wa kuja kuzungumza nao nyumbani, lakini kwa majibu haya mzee hana haja. Akamtakia afya njema. Simu ikanyamaza, kioo chake kikazima.

Kijiwe kikapumua. Chaki alisimama akamshika Breki mkono kwa mikono yake yote miwili na kumpongeza, akasema kidole kimoja hakivunji chawa na leo chawa amevunjika. Redio akaagiza kahawa ya wote, akatangaza kwamba tajiri atatafuta moyo kwingine, maana huu umeshapata wenyewe. Soli akachukua ndala ya yule mwanamke na kuanza kutafuta uzi unaofaa. Walizungumza wote kwa pamoja, wakirudia kila swali na jinsi lilivyojibiwa, nani alinong'ona na nani alionyesha kwa kidole, na Breki aliketi katikati ya kelele hizo akiiangalia simu.

— Samahani, wazee wangu, mwanamke yule akasema. Kwani mgonjwa ni yupi?

Walicheka, wakamwonyesha. Redio akamweleza kwamba huyu ndiye Breki mwenyewe, mtu aliyeteremka mlima mzima na lori lisilo na breki huku akiwapungia mkono watu wa kando ya barabara, na hakuna aliyejua mpaka alipopanda kichuguu na kusimama. Mwanamke akampa Breki pole ya ugonjwa.

— Nilisikia majibu, akasema, lakini sikujua yanatoka kwa nani.

Breki alijiona amefunguliwa mlango ambao hakuutegemea. Akakiweka kikombe chake vizuri juu ya goti. Lakini alikuwa mtu wa kijiwe kwa miaka mingi, na ulimi wake haukujua njia nyingine ya kulifikisha neno pale ila ile ya siku zote. Uso wake haukubadilika hata kidogo.

— Mimi dawa nilishaacha, alisema. Nawalisha sisimizi wa nyuma ya nyumba. Wana mioyo mizima kuliko mtaa wote.

Kicheko kilicholipuka kiliwafanya watu wa dukani kuchungulia. Redio alijipiga paja. Akasema sasa amejua kwa nini sisimizi wa mtaa huu wanabeba mizigo mikubwa kuliko miili yao, na kwamba wakipewa leseni watachukua yale malori yote. Soli akauliza kama nao wanapanuliwa viatu. Muuza kahawa alilazimika kuliweka birika chini. Chaki alivua miwani akafuta machozi ya kicheko kwa ncha ya shati, akisema huyu bwana hatakufa, huyu atatuzika sisi.

— Nasema kweli, Breki akasema.

Hapo walicheka zaidi, maana ndivyo alivyokuwa akimalizia vichekesho vyake vyote, kwa maneno hayo hayo na uso mkavu kama ukuta.

Mwanamke hakucheka. Alimtazama Breki, akaitazama miguu yake ilivyojaa kwenye viatu vilivyoachwa bila kufungwa kamba, akamtazama tena usoni. Kisha akawageukia wengine. Hakuwa na ukali. Aliuliza kama mgeni anayeuliza njia.

— Mimi simjui, alisema. Ninyi mnamjua. Anatania?

Redio akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu benchi lile liwekwe pale, hakikutoka kitu. Akamgeukia Soli. Soli alikuwa ameshika sindano, uzi umeingia nusu, na macho yake yalikuwa yameshuka kwenye vile viatu alivyovipanua kwa mkono wake. Chaki akavaa miwani yake. Alikuwa mtu aliyeweza kumwangalia mtoto kipaji cha uso tu akajua kama amefanya kazi ya nyumbani au hakufanya. Akausogelea uso wa Breki, uso aliokuwa akiuona kila siku ya Mungu, akausoma kutoka juu mpaka chini, akarudi juu akauanza upya. Kicheko kilikuwa bado hakijamtoka midomoni. Kikabaki pale, kikaanza kukauka.

Breki alikaa na kikombe chake cha maji, akiwatazama mmoja baada ya mwingine, akisubiri kusikia watamjibia nini.